Sanduku la nyuma la pikipiki lisichaguliwe kwa lita zake

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowahusu wenzangu wanaosafiri masafa marefu kwa pikipiki katika pwani yetu, hasa wale ambao kila ukikaribia mwezi wa Mfunguo Sita hufunga mizigo hapa Malindi na kushika njia ya Lamu kwenda Maulidini. Jambo lenyewe ni uchaguzi wa chombo cha kubebea mizigo nyuma ya pikipiki: sanduku gumu la juu, masanduku ya ubavuni, au mikoba laini ya kuning'iniza. Nimeona kwamba wengi wetu hukichagua chombo hicho kama mtu anavyochagua kabati la nguo, kwa kuuliza kinaingiza vitu vingapi, na mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo hadi barabara iliponionyesha kwamba swali la kwanza lilikuwa jingine.

Sanduku langu la kwanza lilikuwa la plastiki, la lita 47, la kadiri ile inayomeza helmeti mbili kubwa kwa pamoja. Muuzaji alinihakikishia kwamba linabeba chochote kitakachoingia. Ndani ya kifuniko palikuwa na kibandiko kidogo chenye tarakimu chache ambacho sikukisoma, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kujaribu kama helmeti yangu na ya mke wangu zitaenea. Zikaenea. Keria ya kiwandani nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea airefushe kwa vipande viwili vya bomba, ili sanduku lisogee nyuma na mke wangu apate nafasi ya kukaa kwa raha, na sanduku hilo hilo limfae kwa kuegemea. Fundi alifanya nilivyomwambia. Nataja hilo mapema ili lawama ijulikane ilipo.

Safari mbili za kwanza zilipita salama. Ya tatu tulivuka daraja la Sabaki alfajiri, tukapita mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, tukanywa chai Minjila, na tulipokwisha kuiacha Gamba tukielekea Witu usukani ukaanza kutetemeka, tetemeko dogo kama la mkono wa mtu mwenye homa, likizidi nilipoongeza mwendo na kutulia nilipopunguza. Nilidhani ni tairi. Nilisimama nikaibonyeza tairi ya mbele, nikaikuta ngumu, nikaikagua rimu, nikaiona nzima. Mke wangu ndiye aliyeliona tatizo: sanduku lilikuwa limelala upande mmoja kama mtu anayesinzia ndani ya matatu, na pale bomba lilipochomelewa palikuwa na ufa uliozunguka zaidi ya nusu ya bomba. Nikainama kuutazama. Sehemu ya ufa ilikuwa imeshika kutu ya kahawia, na sehemu iliyobaki iling'aa kama chuma kilichokatwa asubuhi ile ile. Maana yake ni kwamba bomba lilianza kupasuka siku nyingi nyuma, kidogo kidogo, kila tulipopanda tuta au kuingia shimoni, nasi tukiwa tumeketi mbele yake bila habari. Kijana mmoja wa bodaboda alitupa mpira wa tyubu, tukafunga tulivyoweza, tukajikongoja kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa hadi Mokowe, kwenye gati la boti za Lamu.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa wauza samaki nikaazima mizani yao ya kutundika, nikakipima kimoja kimoja kila kilichokuwamo: maji lita tano, spana na pampu, makoti ya mvua, tende, haluwa ya wakwe, viatu, na takataka nyingine ambazo msafiri hujiambia hazina uzito. Jumla ilikuwa kilo 19, mbali na sanduku lenyewe ambalo likiwa tupu lilivuta karibu kilo tano. Kibandiko kile, nilipokisoma hatimaye, kilisema kilo 10. Sidhani kwamba sanduku langu lilikuwa dhaifu kuliko mengine. Kampuni ya Givi ya Italia, aliyoianzisha Giuseppe Visenzi mwaka 1978 baada ya kuacha mashindano ya pikipiki, na ambayo masanduku yake yanajulikana dunia nzima, nayo huandika kilo 10 kwa masanduku yake ya Monokey, mfumo wake wa kufungia sanduku kwenye pikipiki, pamoja na onyo la kutozidi kilomita 120 kwa saa. Ikiwa watu wa biashara hiyo wameishia kilo 10, mimi wa Malindi nilipata wapi ujasiri wa kilo 19?

Hesabu yenyewe si ngumu, na namwomba msomaji anivumilie nikiifanya hapa, kwa kuwa ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Tuseme urefu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 145, na kitovu cha sanduku kimekaa sentimita 45 nyuma ya ekseli ya nyuma, kama changu kilivyokaa baada ya keria kurefushwa. Mzigo wa kilo 24, yaani kilo 19 na sanduku lake, ukikaa hapo huwa kama mtoto aliyeketi ncha ya pembea ya ubao: gurudumu la nyuma halibebi kilo 24 bali linabeba zaidi ya kilo 31, na gurudumu la mbele linapunguziwa kilo saba na nusu hivi. Gurudumu hilo la mbele ndilo linaloelekeza chombo na ndilo linalofanya kazi kubwa zaidi ya kusimamisha tunapofunga breki. Kulipunguzia uzito ni kuulegeza usukani, na ndiyo sababu ya tetemeko lile ambalo hata tairi mpya halingeliondoa. Uzito huo huo ukiwekwa chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, pembea haipo tena. Magurudumu yote mawili huongezewa, na pikipiki huwa nzito tu bila kuwa na wazimu.

Sisi watu wa pwani hatukupaswa kufundishwa jambo hili na chuma. Nahodha wa jahazi huweka farumi, yaani uzito wa kutulizia chombo, na shehena nzito ngamani, chini kabisa na katikati, na hakuna baharia atakayekubali kurundika magunia ya chumvi juu ya tezi, sehemu ya nyuma ya chombo, kwa hoja kwamba pana nafasi. Sanduku la juu, likining'inia nyuma ya taa ya breki kwa urefu wa kiuno cha mtu, ni tezi. Vitu vyepesi vina haki ya kukaa hapo: koti la mvua, kanzu, kikoi, helmeti mnapoegesha. Maji, spana, tende na haluwa ni vya ngamani.

Lakini kuna hesabu inayotangulia hiyo, nayo ni ya uzito wote ambao pikipiki imeruhusiwa kubeba. Kila pikipiki ina kikomo chake, na kwa kawaida hupatikana katika kitabu kinachokuja nayo. Wengi wetu hudhani kikomo hicho ni cha mizigo pekee, kumbe kinajumuisha mwendeshaji, abiria, nguo zao, masanduku yenyewe na vyuma vinavyoyashikilia. Chukua mfano wa pikipiki iliyoruhusiwa kilo 180. Mume ana kilo 78, mke 65, na helmeti, majaketi na viatu vyao ni kilo nane. Jumla 151, zimebaki 29. Sasa funga sanduku la juu la kilo tano, bamba lake la kulifungia la kilo tatu, fremu za ubavuni za kilo tano, na masanduku mawili ya aluminiamu ya kilo tano kila moja: kilo 23 zimekwenda kabla hujatia hata soksi. Una lita mia na ushei za nafasi, na ruhusa ya kutia kilo sita. Ndiyo maana nasema lita ni kipimo cha kumdanganya mnunuzi. Mtu huyo huyo akifunga jozi ya mikoba laini yenye uzito wa kilo nne juu ya fremu nyepesi za kilo tatu, bila sanduku la juu, anabakiwa na kilo 22 za mizigo ya kweli.

Msomaji atadhani nimekuwa wakili wa mikoba laini. Sivyo, ingawa naipenda, na nitaeleza inaponiudhi. Kwanza nimalize habari ya masanduku ya aluminiamu, ambayo siku hizi yanaonekana kwenye pikipiki za wageni wanaoteremka kutoka Nairobi na ambayo vijana wetu wanayatamani kwa sababu ya sura yake ya kisafari. Yana faida zake. Yakianguka hubonyea, na kilichobonyea hurudishwa kwa nyundo na kipande cha ubao chini ya mwembe. Yana kufuli, na hata ukiyaegesha Mokowe siku tatu, mwenye mkono mrefu atalazimika kufanya kazi. Yanakaa chini zaidi ya sanduku la juu, na ukiketi jangwani yanakuwa kiti na meza.

Dosari zake sikuzisoma mahali, nimeziona. Rafiki yangu mmoja aliyeazima pikipiki yenye masanduku hayo aliingia nayo mchanga wa Mambrui, upande wa baharini, na pikipiki ilipotaka kulala alifanya kile kila mwendeshaji hufanya bila kufikiri, akateremsha mguu. Mguu ulizama mchangani, pikipiki ikaendelea mbele, na sanduku likaja kumkandamiza nyuma ya muundi. Alipona na mfupa mzima kwa kuwa mwendo ulikuwa wa kutembea kwa miguu. Watu wamevunjika kwa namna hiyo. Kisha kuna upana. Masanduku mawili ya ubavuni yanaweza kuipita mikono ya usukani kwa upana, na mwendeshaji aliyezoea kupima mwanya kwa usukani wake, kati ya tuktuk na mkokoteni wa maji sokoni, atajikuta amepita yeye na nyuma yake amekwama. Dosari ya tatu ni ndogo lakini iliniuma kuliko zote: aluminiamu isiyopakwa rangi ndani huacha masizi ya kijivu kwenye kila kitu kinachoisugua. Kanzu yangu ya Maulidi, nyeupe, iliyopigwa pasi na kukunjwa kwa uangalifu, ilitoka sandukuni baada ya kilomita zaidi ya mia mbili za kutikiswa ikiwa na michirizi kama ya penseli mabegani na kwenye kola. Tangu siku hiyo nguo zangu huingia ndani ya mkoba wa kitambaa kwanza.

Na sisi tulio karibu na bahari tuna adui mwingine ambaye watu wa bara hawamjui sana. Aluminiamu ikikutana na boliti ya chuma katika hewa ya chumvi, vyuma hivyo viwili tofauti huanza kulana, na ni aluminiamu inayoliwa. Unga mweupe hutokea kuzunguka tundu la boliti, tundu hupanuka, boliti hucheza, na siku moja unaliona sanduku lako likikupita kwenye mteremko. Dawa yake ni rahisi: wosha, yaani visahani vyenye tundu, za nailoni au mpira kati ya vyuma hivyo, grisi kwenye uzi wa boliti, na kuosha kwa maji matamu baada ya kila safari ya ufukweni. Keria ya chuma nayo ipakwe rangi hadi kwenye maungio ya kuchomelea, maana huko ndiko kutu huingia kwanza.

Mikoba laini, basi. Ni myepesi, haivunji mguu, inakaa karibu na ubavu wa pikipiki na chini, na ikichanika inashonwa. Ile inayoletwa kutoka nje, iliyounganishwa kwa joto badala ya uzi na yenye mdomo unaokunjwa mara tatu kabla ya kufungwa kwa vibanio, haipitishi maji hata katika mvua za masika. Bei yake ni ya kuumiza. Hapa Malindi wapo mafundi wanaoshona turubai za malori ambao wanaweza kukutengenezea jozi kwa fedha kidogo, na mimi ninayo jozi ya namna hiyo hadi leo. Kasoro yake ni kwamba kila tundu la sindano ni mlango wa maji, kwa hiyo naweka ndani mfuko wa nailoni nzito na kuufunga shingo. Kasoro ya pili ni egzosi. Kwenye pikipiki nyingi za safari bomba la moshi limepanda juu upande mmoja, na mkoba ukilegea kidogo tu huligusa. Utaisikia harufu kabla ya kuona moshi, na ukisimama utakuta tundu la ukubwa wa sahani ya kikombe, na shati lililokuwa nyuma yake limepata dirisha. Pale pawekwe bati la kukinga moto, tena liwe na nafasi ya hewa kati yake na mkoba.

Linaloniudhi zaidi ni vizuizi. Yeyote aliyesafiri njia ya Lamu anajua kwamba kuna ukaguzi wa usalama mahali kadhaa, na ni haki yetu kukaguliwa katika njia iliyopitia yaliyopitia. Mwenye sanduku la kifuniko hugeuza ufunguo, afisa akatazama, kifuniko kikashuka. Mwenye mikoba ya kukunja hufungua kibanio, akakunjua mara tatu, akafungua mfuko wa ndani, akatoa nguo za mkewe mbele ya watu, kisha akaanza upya kukunja chini ya jua la saa sita, na kizuizi kinachofuata hakiko mbali. Kwa sababu hiyo peke yake simlaumu mtu anayechagua sanduku gumu kwa njia hii. Mimi nimejifunza kuweka vitambulisho, stakabadhi na vitu vya kuulizwa katika mkoba mdogo juu ya tangi, na kuwaambia maafisa mapema kilichomo katika kila upande. Mara nyingi hutosha.

Halafu kuna Mokowe. Barabara yetu huishia hapo, na msafiri wa Lamu huegesha pikipiki na kupanda boti. Mahali hapo ndipo utakapojua kama ulichagua vizuri, kwa sababu kila ulichokileta sasa ni lazima kibebwe kwa mkono, kishushwe ngazi za gati ambazo maji yakiwa yamekupwa huwa na utelezi wa kijani, kipokewe na kijana wa boti aliyesimama mguu mmoja ndani na mmoja nje, na upande wa pili kipandishwe tena hadi kwenye vichochoro ambavyo punda na hamali ndio wenyewe. Nimemwona bwana mmoja akihangaika na masanduku mawili ya aluminiamu, moja kila mkono, pembe zake zikimgonga magoti kila hatua, hadi kijana mmoja akamwonea huruma na kumpokea. Sanduku gumu la safari hii ni lazima liwe na mkoba wa ndani wenye kishikio, unaotoka kwa kuvuta mara moja, sanduku likabaki limefungwa kwenye pikipiki. Asiye na mkoba huo atumie kikapu cha ukili. Si mzaha, kikapu cha ukili huingia vizuri katika sanduku la juu na kinabebeka begani.

Kuna upepo pia, ambao hautajwi dukani. Kusi likivuma hutoka kusini-mashariki. Kutoka Malindi kwenda Garsen hutusukuma kwa nyuma na ubavuni, lakini ukikata kulia kuelekea Witu na Hindi hukupiga ubavu wa kulia moja kwa moja, katika nchi tambarare isiyo na kizuizi. Sanduku pana la juu hapo ni tanga lililowekwa mahali ambapo hakuna mlingoti wala baharia wa kulishusha. Nimeona vijana wakitumia yale masanduku makubwa ya mraba ya kupelekea chakula mijini, ya fibre au mbao nyembamba, kwa safari ya Lamu. Kwa kazi yake ya mitaani, mwendo mdogo na mzigo mwepesi, sanduku hilo linafaa kabisa. Kwa barabara ya wazi na upepo wa ubavuni ni hatari, na mara nyingi huziba taa ya nyuma au nambari ya usajili, hivi kwamba lori linalokuja nyuma wakati wa magharibi halioni unapofunga breki.

Sitaki barua hii isomwe kama fatwa dhidi ya sanduku la juu. Mtu anayekwenda Mombasa peke yake na kurudi, kilomita 120 za lami kila upande, akiwa na kompyuta, koti la mvua na chakula cha mchana, hana haja ya kitu kingine. Sanduku la lita 30 na kitu, lililofungwa kwenye keria ya kiwandani bila kurefushwa, litamtosha na kumtunzia helmeti anapoegesha. Mwenye abiria ndiye anayepaswa kufikiri mara mbili, kwa kuwa abiria tayari ameketi nyuma, na kila sentimita unayolisogeza sanduku ili apate raha unaiongezea pembea ile urefu. Kama abiria anataka pa kuegemea, na atengenezewe egemeo lake jepesi lililofungwa kwenye fremu, badala ya kuligeuza sanduku la kilo ishirini kuwa mto wa mgongo.

Kwa hiyo ningependa mnunuzi aende dukani kwa mpangilio huu: kwanza ajue fremu ya nyuma ya pikipiki yake inaruhusiwa kubeba nini, kisha apime mizigo yake kwa mizani badala ya macho, kisha achague keria, na sanduku au mkoba uwe wa mwisho. Keria iliyokunjwa kwa bomba moja na kufungwa kwa boliti kwenye matundu ya kiwandani ni bora kuliko iliyounganishwa vipande kwa kuchomelea, kwa sababu maungio yanapokaa kwenye mkunjo ndipo ufa huanzia. Kama ni lazima kuchomelea, fundi aweke ubavu wa kuegemeza, bomba la mshazari linaloteremka hadi kwenye sehemu ya chini ya fremu, ili uzito usining'inie hewani. Betri itolewe waya kabla hajawasha mashine yake. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani, na zikazwe upya baada ya kilomita mia za kwanza. Kwetu hiyo ni Garsen, na mapumziko ya chai yanatosha kwa kazi hiyo. Springi ya nyuma ikazwe kulingana na mzigo, upepo wa tairi uongezwe kama kitabu kinavyosema, cheni iangaliwe upya mzigo ukiwa juu, maana nyuma ikididimia cheni hukaza. Taa ya mbele nayo ishushwe. Mwendeshaji aliyesheheni nyuma huwamulika wanaokuja machoni bila kujua, kisha akashangaa wanavyomtukana kwa honi.

Petroli ya akiba isiwekwe ndani ya sanduku lililofungwa, hata kwa safari fupi. Mvuke wake hujaa humo, na jua letu linajulikana.

Ombi langu ni kwa wauzaji. Kikomo cha uzito kiandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, nje ya sanduku na si ndani ya kifuniko, na mteja akiuliza linabeba nini ajibiwe kwa kilo. Kwa mafundi wetu wa kuchomelea, ambao ni hodari na wengi wao hufanya hasa wanachoambiwa, ningeomba wakatae pale mteja kama mimi anapokuja na wazo la kurefusha keria. Yule aliyenitengenezea ya kwanza nilirudi kwake na bomba lililopasuka. Alilizungusha mkononi, akapitisha ukucha juu ya ufa, akaniambia, "Mwalimu, siku ile nilitaka kukwambia, lakini ulikuwa umeshapiga hesabu zako." Akanikunjia keria mpya, fupi, isiyopita taa ya nyuma, yenye mishazari miwili, na akakataa kuifunga hadi nilipomwonyesha mikoba ya turubai itakayobeba vilivyo vizito.

Wako,
Mwalimu mstaafu na mwendesha pikipiki,
Malindi